Uzi maalumu: Kondoo wa kichwa cheusi wa Berbera kwenye stempu za 1938

Sanduku la Bati (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naleta jambo ambalo sijaona likijadiliwa hapa jukwaani: kondoo na mbuzi wa kienyeji kwenye stempu. Nitaanza na kondoo mmoja, kwa sababu ndiye aliyenifanya nianze kukusanya stempu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa kampuni ya meli pale Mombasa. Alipofariki watu waligawana saa, kanzu na viti. Mimi nikabaki na sanduku la bati ambalo hakuna aliyelitaka. Ndani mlikuwa na bahasha, na moja imetoka Berbera, bandari ya pwani ya Somalia. Stempu yake ni ya bluu, ya anna tatu (anna ni sarafu ndogo, kumi na sita hufanya rupia moja). Ina sura ya Mfalme George wa Sita, na pamoja naye kondoo amesimama peke yake. Hana pembe. Kichwa na shingo ni vya giza, mwili mweupe, na nyuma ameumuka kwa mafuta.

Wakati huo sikujua kama ni kondoo wa aina maalumu. Nilidhani mchoraji alijichorea tu. Baadaye ndipo nikajua kwamba stempu hiyo ni ya seti iliyotolewa Mei 1938 na Himaya ya Somaliland ya Waingereza. Seti ina stempu 12. Nne za bei ya chini ni za kondoo huyu wa Berbera: nusu anna ya kijani, anna moja nyekundu, anna mbili ya hudhurungi iliyoiva, na anna tatu ya bluu kama yangu. Nne za kati zina tandala. Nne za juu, za rupia, zina ramani ya nchi.

Fikirieni hapo. Kondoo amewekwa kwenye stempu za bei ya chini, zile ambazo mtu wa kawaida ndizo alizozinunua kila siku. Tandala mwenye pembe zake nzuri akapewa barua nzito. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa, nitaeleza mbele kwa nini. Karibuni.

---

Boma la Kajiado

Asante kwa uzi. Swali langu: huyo si Dorper? Mimi nafuga Dorper huku Kajiado na maelezo yako yanafanana kabisa na dume langu. Kichwa cheusi, mwili mweupe, hana pembe.

---

Sanduku la Bati

Dada, umeuliza swali ambalo kila mfugaji huniuliza nikimwonyesha stempu. Si Dorper. Ni babu yake Dorper.

Kadiri ya mwaka 1870, kama inavyosimuliwa Afrika Kusini, meli ilitia nanga Port Beaufort ikiwa na kondoo wachache waliobebwa wawe kitoweo cha safari. Wanne wakashushwa: dume mmoja na majike watatu. Watu wa pale wakawaita Waajemi wa kichwa cheusi, nao Uajemi hawakuufahamu hata kidogo. Walikuwa kondoo wa pwani ya Somalia. Jina likaganda mpaka leo, hata vitabu vya nasaba za mifugo vya Afrika Kusini vinawaandika hivyo.

Kuanzia miaka ya 1930, wataalamu wa chuo cha kilimo cha Grootfontein, kule Karoo, wakishirikiana na wafugaji, walimpandisha huyo Mwajemi na kondoo wa Kiingereza anayeitwa Dorset Horn. Walitaka mnyama anayetoa nyama nyingi na kustahimili ukame. Wakachukua Dor ya Dorset na Per ya Persian, likapatikana jina Dorper. Mwaka 1950 wafugaji wake wakaunda chama chao.

Kwa hiyo kichwa cheusi unachokiona zizini kwako kilitoka Pembe ya Afrika, kikazunguka kusini mwa bara kwa meli, kikachanganywa na damu ya Uingereza, kisha kikarudi Afrika Mashariki kikiwa na jina la kigeni.

---

Boma la Kajiado

Nimefuga miaka kumi na mmoja na hakuna aliyewahi kuniambia hili. Wauzaji wa madume hutuambia tu "damu ya Afrika Kusini".

---

Mjukuu wa Bandari

Mkuu mwanzisha uzi, heshima kwako, lakini tusimpambe mkoloni. Stempu ilitengenezwa London, ina sura ya mfalme wa London. Huyo kondoo hawakumweka kwa kumpenda Msomali.

---

Sanduku la Bati

Nakubaliana nawe, na tena sababu yao inajulikana. Waingereza waliitwaa Aden, bandari ya Yemen ya leo, mwaka 1839. Aden ni mwamba na jua. Askari wale walihitaji nyama, na nyama ilitoka ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Aden, Berbera. Walipoitangaza himaya yao pwani ile katika miaka ya 1880, walichotaka hasa ni kuhakikisha kondoo hawakatiki. Wao wenyewe waliiita Somaliland bucha la Aden. Mwanzoni iliendeshwa kutokea India, na ndiyo maana mwaka 1938 stempu zilikuwa bado zinahesabiwa kwa anna na rupia, kama walivyohesabu wazee wetu wa pwani na Unguja zamani.

Kwa hiyo ni kweli, mkoloni aliweka kwenye stempu mnyama aliyekuwa akimla.

Lakini tazama upande wa pili. Kondoo yule hakuumbwa na Waingereza. Walimkuta. Ametengenezwa na wafugaji wa Kisomali kwa vizazi na vizazi: kila mwaka mtu anaamua dume gani abaki na dume gani achinjwe, mpaka weusi ukakaa kichwani na shingoni, pembe zikaondoka, mafuta yakahamia nyuma. Hiyo ni kazi ya mikono na macho ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Stempu ile, hata kama iliwekwa kwa sababu ya tumbo la askari, imeitunza kazi yao kwa picha sahihi. Ndiyo maana naithamini.

---

Adhi Garissa

Mimi ni mzaliwa wa Wajir, sasa niko Garissa. Niruhusuni niseme kidogo kuhusu mnyama mwenyewe.

Kwetu kondoo na mbuzi kwa pamoja tunawaita adhi. Dume la kondoo ni wan. Huyu wa kichwa cheusi ndiye kondoo wetu wa kila siku. Hatumwiti wa Berbera, tunamwita kondoo tu. Hana sufi. Ana nywele fupi kama za mbuzi, zinalala na kung'aa akiwa na afya. Anayetafuta sufi kwake atachoka. Ngozi yake ndiyo mali, kwa sababu kondoo wa nywele hutoa ngozi nyembamba na imara, inayotafutwa na watengenezaji wa glovu.

Yale mafuta ya nyuma, sisi twasema baruur, ni akiba. Mvua ikinyesha anayajaza, kiangazi kikija anayala kutoka ndani ya mwili wake. Marehemu mama yangu alikuwa hapimi kondoo kwa macho. Alipita nyuma ya mnyama, akaweka kiganja chini ya yale mafuta na kuyainua kidogo, kama mtu anayepima uzito wa kifuko cha sukari. Yakiwa mazito na yanatikisika, kondoo huyo alibaki. Yakiwa mepesi na ngozi imekunjana, alijua ndani ya wiki chache watahama. Hakuwa na kalenda, alikuwa na kiganja chake.

Maji, wakati wa kiangazi, wanaweza kukaa siku kadhaa bila kunywa kisha wakapelekwa kisimani. Ng'ombe hawezi hilo.

Nikiona kwamba mnyama huyo alikuwa kwenye stempu mwaka 1938, nafurahi kwa dhati. Mama hakujua kusoma, lakini stempu ile angeielewa papo hapo.

---

Mjukuu wa Bandari

Ndugu wa Garissa umenigusa. Nimeelewa sasa uzi unakoelekea.

---

Jeddah kwa Muda

Niko huku Saudia. Kondoo hao bado wanavuka bahari kutoka Berbera, na msimu wa Hija ndio hasa wanapofurika. Mwaka 2000 Saudia ilipiga marufuku mifugo ya Pembe ya Afrika kwa sababu ya homa ya Bonde la Ufa, na marufuku ile ilidumu mpaka 2009. Wenzangu wa Kisomali wanaikumbuka miaka hiyo kama wengine wanavyokumbuka njaa.

---

Meno na Gundi

Mimi ni mkusanyaji, stempu za wanyama tu, mwaka wa ishirini sasa. Nipanue kidogo.

Ukizitandaza mezani stempu za kondoo za miaka ile ya 1930, utagundua kitu. Visiwa vya Falkland, kusini mwa Atlantiki, mwaka 1933 waliadhimisha miaka mia ya utawala wa Uingereza kwa seti nzuri sana. Ile ya nusu peni ina kichwa cha dume la Romney Marsh. Romney ni kondoo wa Kent, Uingereza. Australia, mwaka 1938 huohuo wa stempu ya Berbera, walitoa peni tano yenye dume la merino. Merino asili yake Uhispania. Stempu zote mbili zinasifu kondoo aliyeletwa kwa meli, na zinamsifu kwa sababu moja: sufi inayouzwa nje. Basutoland, Lesotho ya leo, mwaka 1954 waliweka kwenye shilingi kumi picha ya watu wakinyoa mbuzi wa Angora. Angora ni Ankara, Uturuki. Mbuzi hao walifika Afrika Kusini mwaka 1838, na kisa chake kinasimuliwa mpaka leo: madume waliouzwa walikuwa wamehasiwa kwa siri ili mbegu isitoke Uturuki, lakini jike mmoja alikuwa na mimba, akazaa dume njiani, baharini. Mbegu ikafika.

Sasa mweke kondoo wa Berbera katikati ya hao. Ndiye pekee mezani ambaye stempu yake imetoka palepale alipozaliwa. Hana sufi ya kumuuzia mtu. Yupo kwa sababu ndiye anayeliwa na kuishiwa naye.

Mwenzake wa karibu kwa moyo huo, kwa macho yangu, ni wa visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki. Jina la visiwa lenyewe, Føroyar, hufasiriwa visiwa vya kondoo. Posta yao ilijitegemea mwaka 1976, na mwaka 1979 wakatoa stempu ya kroni 25 yenye dume la kondoo wao, iliyochongwa na Czesław Słania, ambaye wengi tunamhesabu fundi mkubwa kuliko wote wa kuchonga stempu. Ukiiweka chini ya kioo cha kukuzia unaona manyoya yanavyopindana, kila uzi umechongwa kwa mkono kwenye chuma. Nimeitazama mara nyingi mno na bado sijaimaliza.

Mwanzisha uzi, yako umeitazama kwa kioo?

---

Sanduku la Bati

Mkuu, umenipa raha. Nimeitazama sana.

Kwa wasiojua: stempu hizi zilichapwa na Waterlow, kampuni ya uchapaji ya London, kwa bamba lililochongwa. Wino unakaa kwenye mifereji, karatasi inabanwa kwa nguvu mpaka inaunyonya, kwa hiyo ukipitisha kidole taratibu unahisi mistari imeinuka kidogo. Halafu kuna hili la rangi. Stempu yote ni ya rangi moja. Yangu ni bluu tupu. Sasa mchongaji ataonyeshaje kondoo mwenye kichwa cheusi na mwili mweupe kwa wino wa bluu? Amebananisha mistari kichwani na shingoni mpaka karatasi inakaribia kupotea, kisha kwenye mwili ameiachanisha, karatasi yenyewe ndiyo imekuwa weupe wa kondoo. Mahali giza linapokoma na weupe unapoanza, hakuna mstari wa mpaka. Ni mistari tu inayopungua. Mimi ni fundi cherehani, najua ugumu wa kubadilisha kitambaa pasipo kuonyesha mshono, na pale mshono hauonekani.

Historia yake pia ina misukosuko. Agosti 1940 Waitaliano waliiteka Somaliland. Waingereza wakarudi Machi 1941. Aprili 1942 stempu zilezile zikatolewa upya, bei zilezile, kondoo yuleyule, ila safari hii mfalme anatazama mbele. Kwenye zile za 1938 anatazama kando. Mwaka 1951 nchi ikaacha rupia ikaingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, shilingi ileile ya Nairobi na Dar es Salaam. Hawakungoja stempu mpya. Walichukua zile za kondoo wakazipiga chapa juu: nusu anna ikawa senti 5, anna mbili ikawa senti 10, anna tatu ikawa senti 15. Hapo kondoo wa Berbera alikuwa tayari ni mwenzetu wa mfuko mmoja. Hata seti ya Malkia Elizabeth ya 1953 haikumwacha, alirudi.

---

Mpwapwa Juu

Wakuu, naomba nilete upande wa Tanzania, maana jambo hili linaniuma.

Nina seti ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya mwaka 1960. Mna mkonge, pamba, kahawa, nyumbu, mbuni, swala, pundamilia, duma. Mna hata samaki taa. Hamna kondoo, hamna mbuzi. Tukapata uhuru. Seti yetu ya 1967 ni samaki. Ya 1973 ni vipepeo. Kenya 1971 wakaweka makombe ya baharini. Vyote vizuri, sikatai, vipepeo vile navipenda mno. Lakini mtoto wa Kigogo anaamka asubuhi anafungua zizi la mbuzi, si zizi la vipepeo.

Na mbuzi tunao wa kujivunia. Mbuzi mdogo wa Afrika Mashariki ana koo nyingi: wa Kigogo, wa Kisonjo, wa Upare, wa Newala. Halafu kuna mbuzi wa Malya, aliyetengenezwa kwenye kituo cha utafiti kule Malya, Kwimba, kwa kuchanganya Kamorai wa Pakistani, Boer wa Afrika Kusini na mbuzi wetu wa kienyeji. Kazi ya Watanzania hiyo, nusu karne na zaidi. Mbuzi mkubwa, ananyonyesha pacha bila shida. Ni wangapi humu waliwahi kumsikia?

---

Kibaruani Moro

Mimi sikuwahi kumsikia. Na nimesoma kilimo.

---

Boma la Kajiado

Hapo kwa Mpwapwa Juu naunga mkono, nami nilete wangu: kondoo mwekundu wa Kimaasai.

Nimesema nafuga Dorper. Nina pia majike tisa wekundu wa Kimaasai, niliachiwa na baba mkwe, naye hakukubali kuwauza hata tulipomcheka. Dorper anakua haraka, sokoni anatoa bei, ndiyo maana tangu miaka ya 1970 amesambazwa kila mahali na wekundu wasiochanganyika wakapungua sana. Lakini mvua ndefu ikija na minyoo ile inayofyonza damu ikaamka kwenye majani, nenda zizini ufunue kope za macho. Kwa Dorper wangu ndani ya kope mnakuwa peupe kama karatasi, damu imekwisha. Kwa yule mwekundu, palepale, malisho yaleyale, bado mwekundu kama nyanya. Mwaka mmoja wa mvua nyingi nilizika Dorper sita ndani ya mwezi, na muuzaji wa dawa aliniuzia dawa iliyokwisha muda. Wekundu hakufa hata mmoja.

Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, wamelifanyia kazi jambo hili miaka mingi na wamethibitisha kwamba uwezo huo uko kwenye damu yake, unarithiwa. Baba mkwe alikuwa anajua bila maabara.

Huyo ndiye ningemtaka kwenye stempu ya Kenya. Jike, si dume. Mwekundu, mkia wa mafuta, kichwa ameinamisha analisha.

---

Adhi Garissa

Dada, na nyuma yake mwekeni mbuzi wa Galla, mweupe, maana huyo naye ni wa kwetu sote kaskazini.

---

Meno na Gundi

Na stempu ichapwe kwa rangi zake halisi, huyo mwekundu asigeuzwe bluu!

---

Kibaruani Moro

Mwanzisha uzi, swali la kiutendaji. Nami nina bahasha za mzee. Stempu nizitoe kwa kuloweka au niziache?

---

Sanduku la Bati

Usiloweke, nakuomba. Stempu ikitoka kwenye bahasha inabaki picha. Ikiwa kwenye bahasha bado ni barua: kuna muhuri wa mahali ilipopita, tarehe, mwandiko wa mtu, njia iliyosafiri. Nilipoanza, kwa ujinga, niliziloweka tano za babu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na nikatupa karatasi zake. Mpaka leo sijui zilitoka kwa nani. Ile ya Berbera iliokoka kwa sababu ilikuwa imejibana chini ya kifuniko cha sanduku.

Ziweke kwenye mifuko ya plastiki isiyo na klorini, mbali na unyevu. Huku pwani unyevu ndio adui. Hutia madoa ya kahawia kwenye karatasi na gundi hujishika yenyewe. Mimi naweka vifuko vya chembe za kukausha unyevu ndani ya sanduku na kuvibadilisha kila baada ya masika. Kushika, tumia kibano, si vidole.

---

Boma la Kajiado

Narudi mara ya mwisho. Asubuhi nimeichapa kwa kichapishi picha ya stempu aliyonitumia mwanzisha uzi kwa ujumbe binafsi, nikaenda nayo zizini. Nikamshika dume langu Dorper, kijana wangu akaishika karatasi kando ya shingo yake.

Kwa mwenzake wa kwenye stempu weusi unateremka mpaka mwisho wa shingo. Kwa wangu unaishia juu zaidi, kisha kuna madoa mawili madogo kwenye bega, kama wino uliodondoka. Kijana akaniuliza, "Mama, huyu kwenye karatasi ni nani wake?" Nikamwambia ni babu yake. Akataka karatasi ibandikwe kwenye mlango wa zizi, kwa ndani, upande wanapolala.